Sura ya Sita: Bado Anasoma?

Mvua za kwanza zikishalowesha udongo wa Bonde la Kilombero, familia nyingi za Ifakara na vijiji vyake hufunga virago. Haziendi mbali, wala haziendi moja kwa moja. Zinashuka mbugani kwenye mpunga, zinajenga vibanda vya nyasi na madungu ya kuamia ndege, na zinakaa huko mpaka mavuno, mwezi wa tano au wa sita, mwaka mwingine hata wa saba. Mtoto wa mgongoni huenda na mama yake. Mtoto wa shule hubaki. Binti wa miaka 13 anaachiwa ufunguo, debe la mchele na wadogo zake wawili, na jirani anaombwa awe anawatupia jicho. Kaka yao wa sekondari huenda hayupo kabisa: amepanga geto karibu na shule ya kata kwa sababu kwao ni mbali, analala chumba kimoja na wenzake, na hakuna mtu mzima wa kuwauliza wamekula nini.

Watafiti wa malaria wanaujua msimu huu vizuri. Taasisi ya Afya Ifakara, iliyoanza mwaka 1957 kama maabara ndogo ya Waswisi, imefuatilia familia hizi mpaka vibandani: nani analala huko, ana chandarua au hana, akishikwa na homa anakwenda wapi. Mbu wa Kilombero ni kati ya mbu waliochunguzwa sana Afrika. Ningefurahi kama watoto waliobaki na funguo wangefuatiliwa kwa bidii hiyohiyo.

Maana siku jambo baya likimpata mmoja wao, lazima mtu aseme, na mtu mwingine aamue kama lililosemwa linastahili kufanyiwa kazi. Uamuzi huo wa pili ndio ninaoutafuta katika sura hii. Unafanywa wapi? Nani anaufanya? Anauliza nini kabla ya kuufanya?

Kwenye karatasi jibu ni rahisi. Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya mwaka 2009, inasema katika kifungu cha 95 kwamba mwanajamii yeyote mwenye ushahidi au taarifa kuwa haki za mtoto zinakiukwa, au kwamba mzazi au mlezi mwenye uwezo anamnyima mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu au elimu, ana wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa ya eneo lile. Afisa ustawi wa jamii akiipokea anaweza kumwita anayelalamikiwa, wakazungumza, kisha akaamua kwa kuangalia maslahi ya mtoto. Mtu akikaidi, shauri linakwenda mahakamani. Ukisoma kifungu hicho peke yake utadhani kati ya jirani na afisa ustawi kuna mlango mmoja tu.

Marekani mlango huo upo kweli. Mtu anapiga simu, mpokeaji aliyefunzwa anamsikiliza, anaandika, na ndani ya muda mfupi anaamua: taarifa hii ichunguzwe au iishie hapa. Kila mwaka taarifa zaidi ya milioni 4 hupita kwenye simu hizo, na karibu nusu huishia mezani bila mtu kutumwa kubisha hodi. Mwaka 2016 wilaya ya Allegheny, jimbo la Pennsylvania, iliingiza programu ya kompyuta inayompa mpokeaji simu alama ya hatari inayokokotolewa kutoka kwenye kumbukumbu za familia. Ubishi juu ya programu ile haujaisha: wengine wanasema inamsaidia mpokeaji, wengine wanasema inawaandama maskini kwa kuwa ndio wenye mafaili mengi serikalini. Lakini wanaobishana wana kitu cha kushika mkononi. Taarifa iliyokataliwa imeandikwa, na aliyeikataa anajulikana.

Kilombero taarifa nazo huchujwa, tena kwa ukali zaidi. Tofauti ni kwamba huchujwa kabla hazijafika kwa mtu mwenye kalamu.

Mchujaji wa kwanza ni mtoto mwenyewe. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009, ambao Chuo Kikuu cha Muhimbili kilishiriki pamoja na UNICEF, na matokeo yake kutangazwa mwaka 2011, uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24 yaliyowapata utotoni. Karibu wasichana 3 kati ya 10 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa wavulana ilikuwa kama 1 kati ya 7. Namba hizi zilizungushwa sana kwenye semina. Nyingine, ambazo kwangu ni nzito zaidi, hazikupata umaarufu huo: karibu nusu ya wasichana hao hawakumwambia mtu yeyote, 1 kati ya 5 hivi ndiye aliyetafuta msaada, na kama 1 kati ya 10 ndiye aliyeupata.

Sasa mfuate yule anayesema. Tuchukue mfano wa kubuni. Jirani aliyeombwa kutupa jicho ameona kijana wa bodaboda akiingia kwa yule binti usiku na kutoka alfajiri. Hapigi simu polisi. Anakwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, anamwamkia, anaketi kwenye benchi, anaulizia hali ya mpunga, halafu ndipo analitoa. Mwenyekiti anasikiliza. Kabla ya kuuliza jina la kijana, kabla ya kuuliza kama mtoto ameumia, anauliza: "Bado anasoma?"

Mgeni angeona swali hilo limetoka wapi sijui. Halikutoka hewani. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, na anayempa mimba au kumwoa mwanafunzi wa msingi au sekondari akaandikiwa kifungo cha miaka 30. Viongozi wa vijiji waliisikia adhabu hiyo mikutanoni mpaka ikawakaa kichwani. Mwanafunzi akawa ni moto, usimguse. Na asiye mwanafunzi? Kanuni ya Adhabu, tangu marekebisho ya sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, inasema kufanya mapenzi na msichana aliye chini ya miaka 18 ni kubaka hata akikubali. Kisha inaacha upenyo: isipokuwa awe ni mke wa mtu huyo na ametimiza miaka 15. Upenyo huo unakutana na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayoruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi. Mwaka 2016 mwanaharakati Rebeca Gyumi alikwenda Mahakama Kuu kupinga vifungu hivyo vya ndoa, akashinda. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikamthibitishia ushindi wake. Serikali ilikuwa imepewa mwaka mmoja kurekebisha sheria. Mwaka ukapita, sheria ikabaki vilevile.

Kwa hiyo mwenyekiti anapouliza kama binti bado anasoma, anapanga shauri katika mafungu kwa kadiri anavyoielewa sheria. Anasoma: hilo ni la serikali, mtendaji wa kijiji lazima ajue, mwalimu mkuu ataulizia. Alimaliza darasa la saba mwaka juzi na hakuendelea: hilo la nyumbani, wazee wakae. Tuseme mabinti hao wawili wote wana miaka 15; wote wawili ni watoto kwa kifungu cha 4 cha Sheria ya Mtoto, lakini mmoja amepita na mwingine amekwama kwenye benchi la mwenyekiti. Ndiyo maana binti aliyeacha shule ana ulinzi mdogo kuliko mwenzake, wakati anauhitaji zaidi.

Swali la pili la mwenyekiti ni "Wazazi wanajua?" Hapo msimu unaingia tena. Baba yuko mbugani, mtandao wa simu unakuja na kupotea. Akipatikana, atasema anakuja. Akija baada ya siku nne, wa kwanza kumpokea hatakuwa afisa ustawi. Atakuwa mjomba wa yule kijana, na mkononi hatakuwa mtupu.

Kumalizana ni jambo linalolaaniwa kwenye kila bango la Siku 16 za kupinga ukatili, na linastahili kulaaniwa. Lakini anayelaani bila kupiga hesabu ya yule baba hajamwelewa. Akikubali yaishe, anapata fedha taslimu wakati wa palizi, wakati ambao ghala ni tupu na vibarua wanadai. Akikataa, anajitwisha nauli ya kwenda polisi Ifakara, ya kwenda hospitali, ya kwenda mahakamani, na kesi ikipigwa kalenda anaanza upya. Siku zote hizo ndege wanakula mpunga. Na mwisho wa yote hana hakika kama mtu atafungwa.

Tena wanaomalizana wanajua siri moja ya kisheria hata kama hawajawahi kuisoma. Katika rufaa ya Selemani Makumba dhidi ya Jamhuri, iliyoripotiwa mwaka 2006, Mahakama ya Rufani ilisema ushahidi wa kweli wa kosa la kubaka hutoka kwa mwathirika. Sheria ya Ushahidi inaruhusu mahakama imtie mtu hatiani kwa maneno ya mtoto pekee, ikiridhika kwamba anasema kweli, na tangu mwaka 2016 mtoto mdogo anaweza kutoa ushahidi bila kiapo baada ya kuahidi kusema kweli na kutosema uongo. Haya yaliwekwa kumlinda mtoto. Upande wao wa pili ni kwamba mwenye kumshika mtoto ameishika kesi. Binti akipelekwa kwa shangazi ng'ambo ya mto, Malinyi au Ulanga, kesi inakufa bila mtu kumhonga yeyote. Mwendesha mashtaka anaomba ahirisho, anaomba tena, halafu faili linafungwa.

Wakati kikao cha familia kinaendelea, kuna saa inayohesabu. Dawa za kumkinga mtu aliyebakwa asipate virusi vya UKIMWI zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Saa 72 ni siku tatu. Baba wa mfano wetu alifika siku ya nne. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ipo palepale mjini Ifakara, na daraja la mto Kilombero lililofunguliwa mwaka 2018 limewaondolea watu wa Ulanga na Malinyi kivuko kilichokuwa kikiamua nani avuke na lini. Umbali umepungua. Kilichobaki kirefu ni kikao.

Na fomu. PF3, Fomu Namba 3 ya Polisi, imekaa akilini mwa watu kama tiketi: bila hiyo huingii kwa daktari. Kwa mwathirika wa ukatili wa kingono, mwongozo wa afya unaruhusu matibabu yaanze na fomu ifuate. Ila dirisha la mapokezi si mahali ambapo mama aliyetoka kijijini anabishana kuhusu mwongozo. Akiambiwa "leta PF3", anageuka na mtoto wake kwenda polisi. Huko kuna Dawati la Jinsia na Watoto, moja kati ya mamia yaliyofunguliwa nchini tangu mwishoni mwa miaka ya 2000. Dawati zuri lina chumba chake, mlango unaofungika na askari aliyefunzwa kuzungumza na mtoto. Dawati baya ni meza nyuma ya kaunta ileile anayosimama mwizi wa kuku. Vituo vya Mkono kwa Mkono, ambavyo Dar es Salaam vilianzia Amana mwaka 2013, vilibuniwa kuikata safari hii, ili polisi, daktari na afisa ustawi wamkute mtoto chini ya paa moja na asirudie kusimulia mara tatu. Kwa mji unaohudumia bonde zima, hicho ndicho kitu ambacho ningekitaka kabla ya semina nyingine yoyote.

Tuseme taarifa imepenya yote hayo, imefika ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri. Usidhani imefika mahali palipokuwa pakiisubiri. Kwenye benchi la nje wamekaa kina mama wa matunzo: baba hatoi hela ya chakula, baba amehamia kwa mwanamke mwingine baada ya kuuza mpunga, baba anakana mtoto. Matunzo na migogoro ya ndoa ndiyo hula sehemu kubwa ya siku ya afisa ustawi, na taarifa ya ukatili inapanga foleni hiyohiyo. Kabla hajaifungua afisa ana swali la mipaka: ni yangu? Tangu mwaka 2021 upande huu wa bonde una Halmashauri ya Mji wa Ifakara na Halmashauri ya Mlimba, na ng'ambo kuna Ulanga na Malinyi. Mtoto analala Ifakara, wazazi wanalima Mlimba, mtuhumiwa kwao Malinyi. Sheria inasema mamlaka ya eneo. Eneo lipi?

Afisa mzuri halikwamishi shauri kwa swali hilo. Anataka kujua mambo ambayo mwenyekiti hakuyauliza. Usiku wa leo mtoto analala wapi, na anayetuhumiwa ana ufunguo wa hapo? Nani mwingine yumo kwenye nyumba? Mtoto amezungumza na nani, na alisema nini kwa maneno yake mwenyewe, si kwa maneno ya mama yake mdogo? Majibu hayo ndiyo yanayoamua kama safari ni ya sasa hivi au inaweza kungoja. Kumwondoa mtoto nyumbani ni hatua ya mwisho, na si kwa sababu ya ubinadamu peke yake. Makao ya taifa ya watoto yako mbali, kama yale ya Kurasini, Dar es Salaam, na kumpeleka mtoto wa Mngeta, humu bondeni, hadi Kurasini ni kumwadhibu yeye kwa kosa la mwingine. Kinachowezekana ni bibi, shangazi, au mlezi wa kuaminika, yaani familia iliyochunguzwa na kukubali kumpokea mtoto kwa muda. Afisa ambaye katika daftari lake ana familia tano za namna hiyo ana nguvu kuliko mwenye cheti cha semina kumi.

Ipo taarifa moja inayompa tabu kuliko zote, nayo ni ile ya kawaida kabisa: "Watoto wamebaki wenyewe." Kwa vitabu vya Marekani au Uingereza, mtoto wa miaka 13 kuachiwa wadogo zake kwa miezi mitano ni utelekezaji usio na mjadala. Ukikitumia kipimo hicho hapa utaifungulia faili nusu ya kitongoji, na utakuwa umemshtaki mkulima kwa kulima. Lakini ukisema ni desturi basi, umeufunga mlango ambao ubaya mwingi hupitia. Nadhani maafisa walio makini wameshapata njia yao, hata kama hakuna aliyewaandikia: hawahesabu kutokuwepo kwa mzazi, wanahesabu nani anakuja badala yake. Debe la mchele likiisha, mtoto anakwenda kwa nani? Kama jibu ni bibi wa nyumba ya tatu, andika, endelea na safari. Kama jibu ni muuza duka au kijana wa bodaboda, shauri limeshaanza, hata kama hakuna aliyelalamika.

Kiboko nacho huchujwa kwa urahisi wa kutisha. Kanuni za mwaka 1979, zilizorekebishwa mwaka 2002, zinaruhusu viboko visivyozidi 4 shuleni kwa idhini ya mwalimu mkuu, na Sheria ya Mtoto yenyewe inapiga marufuku mateso huku ikikubali adhabu ya kiasi. Jirani akisikia mtoto anapigwa, anangoja ajue kama ni kiasi. Kwa kawaida anangoja mpaka kuwe kimya.

Njia ya kuwaruka wachujaji wote ipo: simu 116, ya bure, inayoendeshwa na shirika la C-Sema. Mpigaji halazimiki kutaja jina. Taarifa inapokelewa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 400 kutoka Ifakara, inaandikwa, kisha inarudishwa kwa afisa ustawi wa wilaya husika. Inachekesha kidogo kwamba neno la jirani linasafiri hadi pwani na kurudi ili limfikie mtu aliye mwendo wa bodaboda. Lakini safari hiyo ina faida zake. Imempita mwenyekiti, imempita mjomba, na imeacha kumbukumbu inayomfanya mtu wa Dar es Salaam aulize baada ya wiki: lile shauri limefikia wapi? Upungufu wake ni kwamba inamtaka mtoto awe na simu, awe na chaji, na awe ameshajishinda mwenyewe.

Chini kabisa serikali iliweka kamati. Mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, MTAKUWWA, ulioanza mwaka wa fedha 2017/18 na kufuatiwa na awamu ya pili mwaka 2024, uliagiza kamati za ulinzi kuanzia kijiji na mtaa, wakutane watendaji, walimu, wahudumu wa afya na viongozi wa dini. Wazo ni zuri. Kamati ikifanya kazi, mwenyekiti wa kitongoji haamui peke yake kwenye benchi, kwa kuwa mwalimu anajua nani ameacha kuja shule na muuguzi anajua nani alikuja kliniki usiku. Tatizo ni kinachoandikwa. Taarifa ya robo mwaka inapanda kutoka kijiji hadi kata hadi halmashauri ikiwa na idadi ya matukio yaliyoripotiwa. Yaliyomalizwa nyumbani hayamo. Yaliyokataliwa kwa sababu binti hasomi tena hayamo. Ningeomba daftari hilo liongezwe safu moja tu, ya mambo yaliyoletwa yakaachwa, na sababu ya kuachwa, na sahihi ya aliyeacha. Wapo watakaosema hakuna mwenyekiti atakayejiandikia hati ya mashtaka. Wengine hawataandika, ndiyo. Lakini mtendaji aliyehamishiwa pale mwaka jana na hana ndugu kijijini huenda akaandika.

Mpaka siku hiyo, kitakachofika ofisini mwisho wa Machi ni karatasi zenye namba. Kata moja imeleta matukio 9, nyingine 4, nyingine sifuri. Ofisi ina pikipiki ya kuazima na mafuta ya safari moja. Mkuu wa idara atataka iende kwenye 9, kwa kuwa ndiko kwenye tatizo na ndiko atakakoulizwa. Mimi ningeanza na kule walikoandika sifuri.